Jiwe Chini ya Chungu cha Nyakecho

Mpwa wangu Swaibu, na ninyi wengine mnaoshika sasa funguo za vyumba vyangu vya Tororo na Busia: siku ile niliyowakabidhi meza yangu ya kazi mliniomba niandike namna nilivyofanya kazi hii ya nyumba na viwanja, ili mjifunze. Mlidhani nitaandika jinsi nilivyopata mali. Hayo yamo kwenye mafaili, na mengi yake yanachosha hata mimi mwenyewe. Nitaandika jinsi kazi inavyofanywa. Nitaandika pia habari za jiwe moja la mpaka kule Busia, ambalo nililipanda kwa mikono yangu mahali pasipo pake. Nimeliogopa jiwe hilo kwa zaidi ya miaka kumi, na bado naliogopa hata sasa ninapoandika.

Nilianza kazi Tororo nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Aliyenichukua ni Mzee Feruzi, mtoto wa mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuja na misafara akaoa huku na asirudi kwao. Mzee Feruzi alikuwa dalali wa viwanja. Aliwatafutia Wahindi, Waarabu na watu wetu wa mjini mahali pa kujenga, akawapimia, akawapeleka bomani kuomba kibali. Siku ya kwanza alinipa kamba ya katani niibebe begani. Nilidhani tunakwenda kununua mbuzi.

Kamba ile ilikuwa na mafundo, na kutoka fundo hadi fundo ilikuwa hatua moja. Kabla ya kupima, Mzee Feruzi aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji akaiacha humo mpaka alipomaliza kunywa chai yake, naye hakuwa mtu wa kuharakisha chai. Nilimuuliza sababu.

"Mafundo haya niliyafunga kamba ikiwa imelowa," akasema. "Katani ikilowa inajikaza. Ikikauka, inalegea na kuvutika, nayo inakupa ardhi ambayo hukununua. Pima na kamba mbichi, Bakari. Kama hakuna maji, rudi nyumbani ulale."

Maneno hayo nilimrudishia mara nyingi, kama mtoto wa chuoni anavyomrudishia mwalimu sura aliyoihifadhi. Niliyajua kwa moyo. Someni huku mkikumbuka kwamba niliyajua.

Jambo la pili alilonifundisha ni hofu. Siku zile vibali tulivyopewa vilikuwa vya muda. Serikali ilikuruhusu ujenge, na siku ikitaka kiwanja chake ilikuandikia barua uondoke na nyumba yako. Mzee Feruzi alikuwa hawezi kulala akiwa na barua ya serikali ambayo haijafunguliwa, na akishaifungua pia halali. Kwa hiyo tulijenga nyumba za kubomoleka. Bati tulilipigilia misumari michache, tena kwa matundu yale yale ya zamani, na milango ilitoka na fremu zake. Niliwahi kuhamisha vyumba vinne vya Tororo kwa siku mbili, wapangaji wamekaa juu ya vitanda vyao katikati ya uwanja wakiningoja kama abiria. Mmoja alilalamika kwamba mlango wake mpya unatazama upande wa jua.

Kwenye fedha sikuwa na shule yoyote. Benki haikuwa ikitukopesha watu kama sisi, nayo riba dini imeikataza, basi nilifanya nilivyoweza. Mtu aliyetaka kufungua duka sikumkopesha shilingi. Nilimkodisha bati la paa, akalipia kila mwezi mpaka likawa lake. Akishindwa, nilipanda juu na nyundo nikachukua bati langu. Watu walisema ni riba iliyovaa kofia. Wengine waliniwekea amana zao, nami nilizitunza katika sanduku la chuma lililofungwa kufuli mbili. Kufuli, wanangu, nunueni zile nzito. Zile nyepesi hufunguliwa na mtu yeyote mwenye njaa na msumari.

Mzee Feruzi alipofariki aliniachia kamba. Watoto wake waligawana vingine vyote na hakuna aliyeiulizia.

Nilikwenda Busia kwa sababu kila dereva wa lori niliyemjua alilala chini ya lori lake pale. Hapakuwa na mji wa kuita mji. Palikuwa na maduka machache, soko la mara mbili kwa wiki, na mti uliolazwa barabarani kuzuia ng'ombe wasivuke bila cheti. Ng'ombe walizuiwa, ila wenye ng'ombe walizunguka nyuma ya maduka wakaingia Kenya na kutoka watakavyo. Niliomba kiwanja upande wetu wa Uganda, karibu na mti ule, nikapewa. Pembe zake nne zilikuwa na mawe ya serikali, ya zege, yenye kichwa bapa na kichuma kidogo kilichochomoza katikati.

Mawe mawili yalikuwa mbele, barabarani. Mawili yalikuwa nyuma, na lile la nyuma upande wa kushoto lilisimama kwenye mpaka wangu na shamba la Mama Nabwire. Mama huyu alikuwa Msamia, mjane, mwenye mihogo na mtama na binti mmoja, Nabwire. Kati ya shamba lake na kiwanja changu kulikuwa na ua wa minyaa alioupanda marehemu mumewe. Siku ya kwanza alinisalimu, "Mulembe," akaniuliza kama nitafuga mbwa. Nikamwambia sifugi. Akasema basi tutaishi vizuri.

Nilijenga vyumba sita kwa mstari mmoja, kutoka barabarani kwenda nyuma. Vilijaa kabla udongo wa ukutani haujakauka. Nilipangisha madereva na wachuuzi wa samaki. Nilipangisha pia wachimbaji wa dhahabu wa Tiira, ambao waliingia na matope ya mashimo yao hadi juu ya mto wa kulalia na hawakuwahi kuniletea dhahabu yoyote. Chumba cha pili alikaa Nyakecho, mama wa Kijopadhola kutoka upande wa Tororo, aliyepikia madereva. Chungu chake cha maharagwe kilikaa motoni nje ya mlango tangu alfajiri.

Baada ya misimu kadhaa nikataka kuongeza vyumba viwili, cha saba na cha nane. Nilipokwenda nyuma kutazama pembe ya kushoto, sikuliona jiwe. Mvua za masika zilikuwa zimechimba mtaro pale, ukingo umebomoka, na jiwe halipo. Nililitafuta nusu siku. Nikasema si neno, mawe ya barabarani yapo, na kamba ninayo.

Kilikuwa kiangazi kikali. Kisimani akina mama walipanga foleni ndefu, na kupata ndoo moja ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Fundi nilikuwa namlipa kwa siku, naye alikuwa amekaa juu ya matofali akisafisha kucha kwa mwiko wangu. Niliitoa kamba begani ikiwa kavu, imezeeka, imevutwa na miaka mingi ya kazi, nikapima.

Kipimo kilipita ule ua wa minyaa kwa hatua mbili.

Nilifurahi. Nilipaswa kuogopa, lakini nilifurahi, kwa sababu hatua mbili ndizo zilizokuwa zikipungua ili chumba cha nane kiwe chumba cha maana. Nikamwambia fundi akate minyaa. Utomvu wake mweupe ulimrukia jichoni, akapiga kelele siku nzima, na hilo pia sikuliona kuwa neno.

Mama Nabwire alikuja na jembe mkononi. Hakuja kwa ugomvi.

"Bwana Bakari, hii minyaa bwana yangu alipanda," akasema. "Mpaka ni minyaa."

"Mama, minyaa inatambaa. Mimi nimepima. Kamba haina ndugu."

"Kamba yako imelala kwa shamba yangu."

"Kama una shaka, nenda kwa chifu."

Hakwenda kwa chifu. Alitazama mahali fundi alipokuwa akichimba msingi, akasema kitu kwa Kisamia kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye mtama wake. Kisamia nilikifahamu kwa sababu ya soko. Alisema, "Msichimbe sana chini." Nikadhani anajali msingi wangu.

Wallahi, mpaka hapo nilikuwa mjinga tu. Niliamini kipimo changu. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu aliyekosea, na waliokosea ni wengi.

Mwaka uliofuata tarishi wa boma alileta barua. Serikali ilikuwa tayari kutupa vibali vya miaka mingi badala ya vile vya muda, lakini kwanza mpima ardhi angekuja kukagua pembe za kila kiwanja. Atakayekutwa amejenga nje ya mawe atanyimwa kibali na kuondolewa. Na aliyegusa jiwe la serikali ni jela. Barua ilisema hivyo hivyo, jela, bila kupamba. Mpima angefika Jumamosi.

Jumatano niliilowesha kamba. Mikono yenyewe ilikuwa imeshajua. Niliiacha ndani ya ndoo kwa muda mrefu kuliko chai yoyote ya Mzee Feruzi, nikaanza kupima kutoka mawe ya barabarani. Fundo la mwisho liliangukia ndani ya chumba cha nane. Mpangaji, mchimbaji wa Tiira, aliniona nimepiga magoti kwenye mlango wake nimeshika ncha ya kamba, akaniuliza kama nimepotewa na kitu. Nikamwambia ndiyo.

Sijui nikuelezeni vipi hofu ile. Chumba cha nane kilikuwa kwenye ardhi ya mjane, hatua mbili kamili, na katika vyumba vile vinane nilikuwa nimetia nguvu zangu zote, tena pamoja na sehemu ya amana za watu, jambo ambalo sikumwambia yeyote. Kiwanja kikienda, mimi ningekuwa mwizi wa amana mbele ya msikiti mzima. Nilikwenda kukaa kwa Nyakecho. Nikaomba maji. Nilipokuwa nakunywa, macho yangu yaliangukia mafiga yake matatu chini ya chungu. Mawili yalikuwa mawe ya kawaida. La tatu lilikuwa na kichwa bapa, jeusi kwa masizi, na kichuma kidogo katikati.

"Nyakecho," nikasema, "hili jiwe ulilitoa wapi?"

"Iko kwa mtaro, mzee. Mvua ilileta. Mimi naona ni jiwe nzuri, haipasuki na moto, nachukua."

"Lini?"

"Zamani. Watu wako walikuwa bado hawajajenga hii ya mwisho."

"Toa chungu. Nalitaka."

"Maharagwe bado," akasema.

Basi nilikaa, mtu mzima, nimekabiliwa na jela, nikingoja maharagwe yaive. Alinipa sahani. Nilikula bila kujua ninachokula.

Njia ya haki ilikuwepo, na msije mkasema sikuiona. Ningeweza kwenda kwa Mama Nabwire siku ile ile, nimwambie kamba yangu ilikuwa kavu. Ningeng'oa bati la chumba cha nane, nibomoe ukuta, niwarudishie mahali pao yeye na jiwe. Vyumba vya kubomoleka ndivyo tulivyozoea kujenga. Ilikuwa kazi ya siku moja. Lakini niliogopa kwamba mpima akiona ukuta umebomolewa jana atauliza, na kwamba tarishi ataona udongo mpya, na kwamba Nyakecho atasema jiwe lilikuwa jikoni. Hofu ilinipa sababu nyingi, na kila moja ilikuwa na akili.

Ijumaa adhuhuri, wanaume wote walipokwenda kuswali na jua likiwa limewafukuza wengine ndani, nilikwenda nyuma ya chumba cha nane na sururu. Ndiyo Ijumaa pekee niliyokosa katika miaka ile nikiwa mzima. Nilichimba nje ya ukuta, upande wa Mama Nabwire, nikatia jiwe, nikashindilia udongo kwa kisigino. Masizi niliyasugua kwa mchanga na majivu, lakini hayakutoka yote, nikapaka chokaa. Nyakecho alikuwa amenisaidia kulibeba, maana lilikuwa zito.

"Si ilikuwa upande ile?" akauliza, akionyesha ukuta.

"Ilikuwa hapa."

Akanitazama. "Sawa, mzee. Nyumba ni yako." Kisha akasema anataka figa lingine. Nikampa tofali.

Nilipogeuka niliona jembe la Mama Nabwire limesimama wima katikati ya mtama, limekitwa ardhini, na mwenyewe hayupo. Hakuna Msamia anayeacha jembe lake hivyo kama hajaondoka ghafla. Sikujua kama alikuwa ameniona. Nililala na swali hilo na kuamka nalo, na sikuthubutu kumuuliza hata mara moja.

Mpima alikuja Jumamosi na karani wake, askari mmoja, mnyororo wa chuma na darubini yake ya miguu mitatu. Alikuwa Mzungu kijana aliyeungua pua. Alipima kutoka barabarani, akafika kwenye jiwe langu, akatazama daftari, akapima tena. Nilisimama karibu na mlango wa chumba cha sita nimeshika ufunguo, na ufunguo uliniumiza kiganja. Mara ya tatu alichuchumaa, akakwangua jiwe kwa kucha. Chokaa ikabanduka na weusi ukaonekana.

"Kwa nini jiwe hii nyeusi?" akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Watu huchoma majani hapa, bwana."

Akasimama. Akamwambia karani amwite jirani. Mama Nabwire akaja, amejifunga leso mpya kichwani kama mtu anayekwenda kanisani, akasimama mbele ya askari. Mpima alitaka kujua kama jiwe lilikuwa mahali hapo siku zote. Karani akamuuliza kwa Kisamia. Naye akajibu kwa Kisamia, taratibu:

"Jiwe ni la serikali. Mimi sijui jiwe. Mimi najua minyaa ya bwana wangu, na minyaa ilikuwa pale kwenye ukuta, wakaikata."

Karani alikuwa amechoka na jua. Vilikuwa vimebaki viwanja vingine vingi. Akamgeukia mpima, akasema kwa Kiingereza, "Anasema jiwe ni la serikali."

Mama Nabwire hakujua neno la Kiingereza, lakini alijua kwamba maneno yake yalikuwa marefu na yale ya karani mafupi. Akanitazama mimi. Alijua nimesikia, kwa maana tulikuwa tumenunuliana samaki kwa lugha ile ile miaka yote. Alingoja. Nami nilitazama chini, nikahesabu viatu vya askari, vilikuwa viwili.

Mpima aliandika kwamba waliopima mwanzo walikosea hatua mbili, akakubali jiwe lilipo. Kibali cha miaka mingi kilitoka. Ndicho hicho kilicho kwenye faili la kijani, Swaibu, chenye muhuri mwekundu ambao huwa unapenda kuwaonyesha wageni.

Haikupita hata miezi mitatu, Mama Nabwire akaja mezani kwangu. Nilipomwona mlangoni nilishika ukingo wa meza. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Nasikia yule mtu wa Tiira ameondoka," akasema. "Nataka chumba ya mwisho."

"Una nyumba yako, mama, hatua chache tu kutoka pale."

"Nabwire ameolewa, nyumba ni kubwa. Nataka ile chumba."

Niliamini amekuja kunichunga. Niliamini atachimba sakafu ausake ukweli, au atangoja siku nitakayougua aniulize. Nikamwambia akae bure. Akakataa. Nikamwambia nusu ya kodi basi. Akakataa hiyo pia, akasema atalipa sawa na wengine, tena anataka risiti kila mwezi, yenye jina lake na namba ya chumba. "Ili mtu asiniondoe," akasema.

Alikaa chumba kile miaka kumi na mmoja. Alikuwa akilipa siku ya kwanza ya mwezi, kwa fedha za mihogo, zimefungwa kwenye kona ya leso. Nilikwenda kupokea mwenyewe kwa sababu niliogopa atamwambia nini mtu mwingine nikimtuma. Alifungua mlango, akanipa, akangoja nikiandika, akachukua karatasi, akaniambia "Asante, Bwana Bakari." Hapakuwa na zaidi. Kila tarehe moja, tangu swala ya alfajiri, chakula sikukigusa. Mke wangu alidhani ni vidonda, akanipikia uji bila sukari. Wapangaji wakali nimewahi kuwatoa na panga mkononi mwao. Mwanamke yule alinitisha kwa kulipa.

Alifariki chumbani humo msimu uliopita, kwa homa. Walimzika shambani kwake. Nilikwenda mazikoni kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Baada ya siku chache binti yake Nabwire, mtu mzima sasa mwenye watoto, alikuja kurudisha ufunguo. Alikuwa na kikasha cha bati cha biskuti. Ndani mlikuwa na risiti zangu zote, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka.

"Mama alisema nikushukuru, mzee," akaniambia. "Alisema wewe ulimwachia akae karibu na mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Kaka yangu ya kwanza. Alikufa mdogo, mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Baba alimzika kando ya minyaa. Iko ndani ya ile chumba, upande wa kitanda. Mama alikuwa analala hapo."

Nilimwambia pole. Alinipa mkono kwa heshima, amepiga goti kama wanavyofanya, akaenda zake. Hajui kitu juu ya jiwe. Anadhani mvua na serikali ndivyo vilivyochukua ardhi yao, na kwamba mimi nilikuwa mwenye nyumba mwema.

Ndipo nilipoacha kazi. Niliwaambia ni magoti. Nilirudi nyumbani, Rubongi, nikakaa barazani wiki nzima, na hofu niliyodhani itakwisha na kifo chake ilikaa nami barazani. Kwa miaka yote ile niliogopa kwamba mama yule atasema. Alikuwa ameshasema, siku ile ya mpima, mbele ya watu, kwa lugha ninayoifahamu. Kisha akalala juu ya mwanawe na kunilipa mimi kodi ya kaburi, nami nikaweka sahihi.

Kwa hiyo haya ndiyo maagizo yangu. Chumba cha nane kisipangishwe. Bati litolewe na ukuta ubomolewe, na wanaobomoa wasichimbe chini. Fedha zote alizolipa Mama Nabwire, Swaibu utazisoma kwenye vipande vyangu vya risiti, zipelekwe kwa Nabwire, na aambiwe sababu. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo. Amana za watu nilikwisha kuzirudisha zote miaka iliyopita, msiogope upande huo. Kiwanja kikichukuliwa kwa ajili ya haya, wapangaji wapewe notisi ya kutosha, na Nyakecho, ambaye bado yupo na bado maharagwe yake hayaivi upesi, atafutiwe chumba kabla ya wote.

Leo asubuhi nilipanda basi kuja bomani Tororo na barua niliyoandika kwa Kiswahili safi, yenye habari zote hizi. Karani wa dirishani, kijana, aliisoma mpaka katikati, akanitazama kichwa hadi miguu, akaniambia nikae kwenye benchi nje ya mlango wa DC. Nimekaa. Sehemu hii ya mwisho naiandikia magotini, mtanisamehe mwandiko. Askari anapita na kurudi. Mara mbili nimeinuka niende nyumbani, mara mbili nikakaa.

Sasa hivi karani ametoka na barua mkononi. Amesema mambo haya ni ya zamani, mpima yule ameshakwenda kwao, na mtu hawezi kujishtaki mwenyewe kwa maneno matupu. Ameniuliza kama kuna shahidi.

Nimemwambia shahidi alikuwepo, akasema yote, na mimi nilisikia.